Uzito wa Kushoto

Mimi nashona viti. Vya magari, vya sebuleni, vya saluni, na kuna daktari wa meno ambaye kile kiti chake cha kulaza watu nimekivika ngozi mimi. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba sponji naijua nje ndani. Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba nilichokiona ni sponji mbovu tu, nitamsikiliza kwa heshima zote, kisha nitamwonyesha mlango.

Mambo yenyewe yaliwapata mdogo wangu, tumbo moja, yeye na mumewe ambaye ni fundi magari. Gereji ya shemeji na karakana yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja na mlango wa mbao ambao haujawahi kufungika vizuri. Akikohoa nasikia. Nikicheka peke yangu ananiuliza kulikoni.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Jua limetoka, majirani wanaanika nguo, mimi nimebanwa na makochi ya watu. Mara namwona shemeji anaingia uani akivutwa kwa kamba, ameshika usukani wa kigari cha milango miwili chenye taa za mviringo, cha zamani kuliko ndoa ya wazazi wetu. Paa lake lilinifika kifuani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikamwuliza kama kingine amekitia mfukoni.

"Cheka tu, shem," akasema. "Jumatatu mpaka Ijumaa kitampeleka mke wangu kazini. Jumapili nakiingiza uwanjani kwenye mbio, na hao wenye magari makubwa watanikoma."

Mdogo wangu alitoka ndani mbio, unga bado mikononi. Ni mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mwenye mwili wake, na kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. Tangu aolewe alikuwa akienda kazini kwa miguu, huku mume anashinda kutengeneza magari ya wenzake. Akafungua mlango wa kushoto, akajitupa kitini, gari zima likalala upande wake.

"Kiti changu hiki," akasema. "Asikikalie mtu."

Wakati wa kula, shemeji alitusimulia habari za mzee aliyemuuzia. Karani wa posta mstaafu, anaishi peke yake, amekonda kama ng'onda. Walipomaliza kufunga kamba, mzee alizunguka akafungua mlango wa kushoto. Akaushikilia na kusimama kando, kama mtu anayempisha mgeni ashuke. Akangoja. Akangoja mpaka dereva wa gari la kuvuta akaanza kupiga mluzi. Kisha akaufunga taratibu, akaingia kwake bila kuaga.

"Wazee na magari yao," shemeji alisema, akaendelea kula.

Wasiojua hudhani kutengeneza gari la mbio ni kuongeza vitu. Kazi kubwa ni kupunguza. Shemeji alitoa zulia, akatoa kiti cha nyuma, akakwangua ile lami ya sakafuni inayozuia kelele, hata redio akaing'oa. Injini aliitanua na kuifungia kabureta mbili. Akaweka breki za disiki mbele, springi fupi, rimu pana, na fremu ya mabomba ya chuma kwa ndani ili gari likibiringika paa lisimponde mtu. Viti viwili vya mbele vilibaki, maana gari lilikuwa la barabarani vilevile, na cha kushoto kilikuwa kimeshapata mwenyewe. Hivyo vikaja kwangu.

Kiti cha dereva kilikuwa kimechoka kama viti vyote vya umri ule. Cha kushoto kilikuwa na shimo la makalio, dogo, la mtu mwembamba. Jambo la kawaida. Nilitoa sponji yote, nikakata mpya, ile ngumu ninayowawekea wateja wenye miili. Nikashona, nikakiacha juu ya meza. Asubuhi yake nikakuta shimo lilelile. Nikapiga simu dukani, nikamwambia muuzaji maneno ambayo mama yetu asingependa kuyasikia. Nikabadilisha sponji. Shimo likarudi.

Nikampa shemeji kiti hivyo hivyo. Nilikuwa na makochi ya watu.

Sasa gari la uwanjani lazima lipimwe. Unaweka mizani bapa chini ya kila tairi, halafu unazungusha pete za springi, hii unaikaza, ile unailegeza, mpaka kila tairi libebe sehemu yake ya haki. Ukikosea hapo, kwenye kona gari linakutupa nje. Shemeji aliazima mizani hizo kwa rafiki yake, akaziwasha, akaniita nimsomee namba.

"Kushoto soma tena."

Nikasoma tena.

Gari lilikuwa tupu, na upande wa kushoto ulikuwa na uzito wa mtu. Si mtu aliyeshiba. Mtu mwembamba. Shemeji akabadilisha mizani, za kulia zikaenda kushoto. Vilevile. Akahamisha betri kwenda kulia. Bado kushoto kulizidi. Mwisho akakifungua kiti chenyewe, akakitoa nje uani. Namba ikapungua kwa uzito wa kiti tu. Yule mwingine alibaki.

Nasema "yule" leo. Siku ile nilisema ni bodi imepinda.

Mtu mwingine hapo angeita watu wa dua, au angelirudisha gari kwa mwenyewe. Shemeji yangu ni fundi, na fundi jambo asilolielewa hulitafutia spana. "Gari halina uongo, shem," alisema, ameshalala chini. "Kama siwezi kuutoa huu uzito, nitaupa nafasi yake." Akazungusha pete. Alizungusha kwa makini, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka gari likasimama sawa kama meza, limepimwa kwa ajili ya dereva wake na kwa ajili ya mwenzake huyo asiyeonekana. Akarudisha kiti. Akafunga mikanda mipya, ile mipana ya mbio. Alifurahi sana, na kazi kweli ilikuwa nzuri.

Gari likaenda, hilo sitamnyima. Jumapili ya kwanza uwanjani liliyapita magari yenye ukubwa mara mbili yake, limeng'ang'ania lami kama kupe. Mimi na mdogo wangu tulisimama kwenye uzio tukipiga kelele. Jua kali, vumbi, watu wanauza soda. Shemeji alikuwa peke yake ndani ya gari. Alipokata kona ya kulia mbele yetu, nikaiona mikanda ya kiti cha kushoto. Nilitegemea ining'inie tu. Ilikuwa imevimba. Imezunguka kifua. Kifua hakikuwepo.

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa ameacha kupiga kelele zamani.

"Umeona?" nikamnong'oneza.

"Nasikia kizunguzungu tu, dada. Sijala tangu jana."

Mpishi. Hajala tangu jana.

Kazini alipelekwa kila asubuhi kama alivyoahidiwa. Mwanzoni alikuwa akirudi na vichekesho vya njiani, nani kalicheka gari, nani kaomba lifti. Kisha vichekesho vikapungua. Siku moja akaja karakana, akasimama nyuma ya mashine yangu mpaka nikasimamisha mguu.

"Dada, kile kiti. Nikikaa nasikia magoti."

"Magoti ya nani?"

"Sijui. Chini yangu." Akashusha sauti zaidi, akatazama ule mlango wa mbao. "Ni kama nimepakatwa."

Nilimwambia aende kazini kwa miguu kama zamani. Akasema hawezi, mumewe ataumia moyo, gari lote lile amelitengeneza kwa ajili yake. Na ilikuwa kweli, shemeji anampenda mkewe, mtu asinielewe vibaya. Alikuwa amelewa sifa tu. Kabla ya kuondoka mdogo wangu alitoa gauni kwenye mfuko, akaniomba nilipunguze kiunoni kidogo.

Nikalipunguza. Baada ya muda akaleta jingine. Kisha akalileta lile la kwanza, nilipunguze tena. Kila nilipokuwa napunguza gauni, upande wa pili wa ukuta nilisikia spana. Shemeji alikuwa akipima gari upya kila baada ya mbio, na kila akipima, kushoto kumeongezeka. Basi anazungusha pete, anagawa tena, na Jumapili inayofuata gari linakuwa zuri zaidi. Hospitali walimpima mdogo wangu damu, mkojo na kifua. Wakasema hana kitu, apunguze mawazo, ale matunda.

Mashavu yakaisha. Kicheko kikaisha. Pete ya ndoa akaifunga uzi ili isidondoke.

Hapo nikashikwa na hasira za kweli. Nilimwuliza shemeji njia, nikamdanganya nakwenda kuomba vifuniko vya viti vya zamani, nikaenda kwa yule karani wa posta mchana kweupe. Mlango ulifunguliwa na mzee mwenye umbo la kupendeza, shavu hili na shavu lile, vifungo vya shati vinalalamika tumboni.

"Shikamoo. Namtafuta mzee aliyeuza kigari kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

Nikamtazama juu mpaka chini. Nyuma yake, ukumbini, palikuwa na boksi la mashati ya zamani yaliyokunjwa vizuri, ya kugawa. Membamba mno. Lile la juu lingemtosha mtoto wa shule.

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango, na alipopata nafasi aliuliza jambo moja tu.

"Mumewe alimpimia?"

"Aligawa uzito. Kwenye springi."

Mzee akafumba macho. "Mimi nimekaa naye ujana wangu wote. Alikuwa akichukua kidogo kidogo. Sikumpimia hata siku moja. Sasa anaijua sehemu yake, na ameambiwa ni haki yake."

"Ni nani huyo?"

"Nililinunua naye ndani."

"Anatolewaje, mzee wangu?"

Alitazama barabarani, juu ya bega langu la kushoto. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliye kanisani au msikitini.

"Mlango nilimfungulia mara nyingi. Huyo hashuki peke yake."

Nilitaka kumwuliza maana yake, lakini alikuwa ameshafunga mlango.

Nilirudi, nikapitiliza moja kwa moja gereji. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, amejifunika kitenge na jua lote lile, anamtazama mumewe akifuta kioo. Gari lilikuwa juu ya mizani. Sikusalimia.

"Shemeji, soma namba ya kushoto. Isome kwa sauti."

Akaisoma, anacheka kidogo, anadhani ni utani wangu.

"Sasa mkeo apande."

Mdogo wangu akanitazama. Akainuka, akafungua mlango wake, akaingia. Nilimsikia akikaa. Nilisikia hata ngozi ya kiti ikilia, maana niliishona mimi. Namba haikubadilika.

Haikubadilika hata kidogo.

Shemeji akapiga mizani kwa kiganja. Akaizima, akaiwasha. Akamwambia mkewe, "Hebu jitikise." Kitenge kikatikisika. Namba ilibaki pale pale. Mwanamke mzima yuko kitini, na mizani inasema hajapanda mtu.

Kitambaa kilimdondoka. Alimtazama mkewe kupitia kile kioo alichokuwa anakifuta, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona tangu gari lile liingie uani. Macho yakamjaa maji.

"Nimemfanya nini?" akaninong'oneza.

"Rudisha," nikamwambia. "Kila ulichozungusha, kirudishe."

Mdogo wangu akataka kushuka. Shemeji akainua mkono. "Kaa hapo hapo, mke wangu. Gari hurekebishwa na watu wake ndani." Ndivyo walivyofundishwa mafundi wote. Akaingia chini.

Spana ikauma. Pete ya kwanza ikalegea. Gari likaguna, likainama kidogo. Mimi macho kwenye namba. Ikapanda. Pete ya pili. Ikapanda tena. Gari likalala kushoto, likalala zaidi, mpaka ukingo wa bodi ukagusa tairi. Namba ilipanda na kupanda. Ndani ya gari mdogo wangu alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa kisimani, akasema kwa sauti yake ile ya zamani:

"Jamani, njaa inaniuma."

Nililia. Sioni aibu. Shemeji alitoka chini uso mzima grisi, akaenda kumfungulia mkewe mlango wa kushoto. Akaushikilia, akasimama kando. Mdogo wangu akateremka.

Gari likainuka ghafla. Liliinuka kama kitanda wanapoinuka watu wawili kwa pamoja.

Nikatazama namba. Kulia na kushoto zilikuwa sawasawa. Gari lilikuwa tupu, na kwa mara ya kwanza mizani nayo ilisema ni tupu. Tulikumbatiana watatu, tukapakana grisi, tukaingia ndani kula. Mdogo wangu alikula sahani yake, akala ya mumewe, akaomba na yangu.

Gari lipo mpaka leo. Springi zilipangwa upya, likawa kigari cha kawaida, linakwenda kazini, Jumapili linashika nafasi za katikati na shemeji ameridhika. Mashavu ya mdogo wangu yamerudi. Magauni yote niliyoyapunguza nimeyafumua mishono nikayarudisha yalivyokuwa, na utepe wangu unasema kiuno chake ni kilekile cha siku ya harusi.

Juzi alikuja kuchukua gauni la mwisho. Nilikuwa nimemaliza kochi jipya la mteja, refu, la kukalia watu watatu, sponji ngumu kabisa, halijakaliwa na mtu. Nikamwambia akalizindue yeye. Badala ya kukaa katikati, akaenda pembeni kabisa upande wa kulia, akajibana kwenye mkono wa kochi. Tulikunywa chai. Alinisimulia vituko vya jikoni shuleni, akacheka, na kicheko kilifika barabarani. Nilikuwa na furaha kama sijawahi kuwa.

Kisha akanyanyuka. Akaufungua mlango wa karakana, akaushikilia, akasimama kando kidogo. Akangoja. Halafu ndipo akatoka mwenyewe, akaufunga taratibu.

Nililitazama kochi. Mahali alipokuwa amekaa, sponji ilikuwa inarudi juu polepole, kama sponji nzuri inavyotakiwa. Kushoto kwake palikuwa na shimo jingine. Dogo. La mtu mwembamba. Hilo halikurudi.

Halijarudi mpaka leo. Mteja amepiga simu kuuliza kochi lake, nikamwambia asubiri kidogo, sponji ilikuwa mbovu.